Tusiwaahidi wanafunzi ajira kwa jina la somo

Swali ambalo wazazi wa hapa Makindu huniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: "Mwalimu, mtoto asomee nini ndipo aajiriwe?" Hawaniulizi mtoto anapenda nini wala ana kipawa gani. Siwalaumu hata kidogo. Katika nchi kavu kama hii yetu, ambako mvua huja ikipenda, mzazi aliyeuza mbuzi na magunia ya ndengu ili alipe karo ana haki ya kujua kama jasho lake litaleta tija.

Jawabu ambalo sisi walimu tumezoea kulitoa ni jepesi mno. Tunasema kwamba sayansi ina kazi na sanaa haina; kwamba aliyesomea udaktari, uhandisi au ualimu hatalala njaa, na aliyesomea historia atazunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli za viatu zimwishie. Nia ya makala haya ni kulipinga jawabu hilo. Sisemi kwamba somo halihusiani na kazi. Linahusiana nayo sana. Ninachosema ni kwamba uhusiano huo hauko jinsi tunavyowaeleza wanafunzi, na kuueleza vibaya kunawapotezea miaka ambayo hakuna atakayewarudishia.

Jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Kila mmoja alitakiwa kufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara ya Elimu ilikuwa imetaja lengo la kuwaelekeza wanafunzi 60 katika kila 100 kwenye mkondo wa kwanza. Kwa hiyo uamuzi ambao zamani mtu aliukamilisha akijaza fomu za chuo kikuu, sasa huanza kufanywa na mtoto wa miaka 14 au 15, na mshauri wake wa karibu ni mwalimu wa darasa. Yaani mimi na wewe.

Itakumbukwa kwamba hii si mara ya kwanza kwa nchi yetu kuahidiwa kuwa mpangilio mpya wa masomo utaleta ajira. Mwaka 1966 baraza la makanisa nchini lilitoa ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Tume ya Mackay ikatoa ripoti yake mwaka 1981, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985. Tuliambiwa kwamba kijana wa mfumo huo hatategemea kazi ya ofisi, kwa sababu atakuwa amejifunza kilimo, useremala, uashi, ushonaji na sayansi ya nyumbani. Wazo hilo halikuwa baya. Kilichoharibu ni kwamba karakana zilitakiwa kujengwa na wazazi kwa harambee. Penye wazazi wenye uwezo, karakana zilisimama. Penye ukame, useremala ulifundishwa kwa chaki: mtoto aliichora randa daftarini bila kuishika mkononi, akatahiniwa juu yake, akapita. Miaka ya 2000 ilipofika, masomo mengi ya aina hiyo yalikuwa yamepunguzwa au kuondolewa.

Kuna funzo hapo ambalo hatupaswi kulisahau. Jina la somo lililoandikwa katika cheti si sawa na somo lenyewe. Shule isiyo na maabara haiwezi kumpa mtoto sayansi kwa kuiandika katika ratiba. Leo hii, katika sehemu kavu za Makueni na Kitui, tunasema mwanafunzi "amechagua" mkondo, ilhali mara nyingi aliyechagua ni umaskini wa shule iliyo karibu na kwao. Kama shule ina walimu wawili wa sayansi na chumba kimoja chenye mabomba yasiyo na maji, basi kipawa cha mtoto hakikuulizwa. Tusiuite huo uchaguzi.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni ukaidi wa vijana wenyewe, kuwa wanadharau kazi za mikono na kukimbilia vyeti. Madai haya ni ya zamani, na yalijibiwa zamani. Mwaka 1965 mtaalamu aitwaye Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana, alieleza kwamba vijana walioepuka shule za ufundi hawakuwa wajinga. Walitazama nani hulipwa mshahara mzuri nchini mwao, wakaona ni karani, si fundi, wakafuata njia ya ukarani. Kwa maoni yake, shule haibadilishi ajira kwa kubadilisha mtaala. Ni malipo yanayopatikana nje ya shule ndiyo huamua mtoto atataka nini ndani ya shule. Mtoto wa Makindu naye ana macho. Anamwona fundi mwenye mikono mahiri akilipwa vibarua, na afisa akishuka katika gari lenye kiyoyozi. Tukitaka achague tofauti, hotuba hazitatosha.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba somo fulani "lina kazi", kwa kawaida tunamaanisha kwamba kuna mwajiri mkubwa anayewachukua waliolisomea. Lakini mwajiri huyo anaweza kubadilisha nia wakati mwanafunzi yuko katikati ya safari.

Nianze na ualimu, maana ndio niujuao zaidi. Zamani aliyefuzu ualimu alikuwa na hakika ya kutumwa kituoni. Kufikia mwaka 1998, chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa la kupunguza mishahara ya serikali, utaratibu wa kumwajiri kila aliyefuzu ulisimamishwa. Tangu hapo walimu wenye vyeti halali wamekuwa wakingoja kwa miaka, huku madarasa yakikosa walimu. Mwaka 2023, shule za sekondari msingi zilipohitaji walimu kwa haraka, maelfu waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Watu hao walisomea lile tuliloliita somo la hakika.

Udaktari nao? Hakuna somo linaloheshimiwa zaidi katika nchi hii. Hata hivyo, mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Sababu moja kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ilitaka kuwalipa 70,000. Vijana waliokuwa na alama za juu kabisa katika nchi walikaa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali, si kwa sababu wagonjwa walikuwa wamekwisha, bali kwa sababu fedha za kuwalipa zilibishaniwa.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mambo yamekwenda mbali zaidi. Rais Museveni amesema mara kwa mara kwamba kozi za sanaa hazina faida. Mwaka 2022 serikali yake ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, ilhali mwenzake wa sanaa, mwenye shahada kama yeye na vipindi kama vyake, alibaki na kiasi cha milioni 1 hivi. Walimu wa sanaa wakagoma mwezi wa Juni mwaka huohuo. Mwalimu wa jiografia hakuamka siku moja akiwa na thamani ya robo ya mwalimu wa kemia. Thamani hiyo ilipangwa.

Katika mifano hii yote somo lilibaki lilelile na bidii ya msomi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni bajeti. Ndiyo maana nasema kwamba kumwahidi mtoto wa miaka 15 kazi atakayoipata akiwa na miaka 25 ni kumwahidi kitu kilicho mfukoni mwa mtu mwingine.

Wala hatuna haja ya kwenda Kampala au Nairobi kuliona hili. Mji wetu ulikua pamoja na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Hekalu la Masingasinga, ambalo wasafiri wote wa barabara kuu hulijua kwa chakula chake cha bure, lilijengwa mwaka 1926, na chimbuko lake ni mafundi na wafanyakazi wa reli hiyo. Kwa vizazi kadhaa kazi ya reli ilikuwa ndiyo kazi ya maana hapa. Aliyepata nafasi katika chuo cha reli, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956, alihesabiwa kuwa amefika. Kisha injini za mvuke zikaacha nafasi kwa za dizeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanyika. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya kibinafsi, na wafanyakazi wengi wakaachishwa. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, vituo vyake vya karibu vikawekwa Kibwezi na Emali, na Makindu ikabaki kuyaona magari yakipita. Miaka 2 baadaye, serikali ilipoagiza mizigo ya bandarini ipakiwe relini, waliokuwa wakiishi kwa malori katika miji ya barabara hii nao wakalia.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mahali pa kuutumia ujuzi huzeeka. Katika familia za wafanyakazi wa reli ninazozifahamu hapa, waliosimama imara baada ya kuachishwa ni wale ambao ujuzi wao ungeweza kuhamia kwingine. Aliyejua kuchomelea chuma alifungua karakana kando ya barabara. Aliyejua kutunza hesabu za bohari alichukuliwa na chama cha ushirika. Aliyejua taratibu za stesheni moja tu alirudi shambani.

Hapa ndipo ninapoona uhusiano wa kweli kati ya somo na ajira. Somo humpa mtu vitu viwili tofauti, nasi huvichanganya. Cha kwanza ni kibali. Sheria haimruhusu mtu kuchoma sindano, kupima mashamba, kutetea kesi mahakamani au kufundisha darasani bila cheti cha fani hiyo. Kwa kazi za namna hii, somo ni mlango wa pekee. Kijana wetu anayetaka kuwa muuguzi lazima asome uuguzi, na hospitali ya hapa Makindu haitamwajiri kwa kipawa chake cha kuimba. Lakini masomo ya kibali yanategemea idadi ya nafasi ambazo serikali au kampuni imezilipia. Zikijaa, kibali hakifungui kitu.

Kitu cha pili ni uwezo: kusoma maandishi magumu na kuyaelewa, kukokotoa, kuandika barua isiyo na utata, kupima jambo kabla ya kuliamini, kushika chombo na kukitumia barabara. Uwezo huu haupatikani katika somo moja tu. Hutoka katika hisabati, katika historia iliyofundishwa vizuri, katika Kiswahili, katika karakana. Nao ndio ambao wengi wetu hula kwa huo. Takwimu za serikali zimeonyesha mwaka hata mwaka kwamba, ukiacha kilimo kidogo kidogo, zaidi ya ajira 8 katika kila 10 nchini zimo katika sekta ya jua kali. Katika sekta hiyo hakuna anayekuuliza ulifuata mkondo gani. Anakuuliza kama unaweza.

Lipo pia swali la umri, ambalo hatuligusi kabisa. Sisi hupima faida ya somo kwa kazi ya kwanza: aliyeajiriwa mwaka wa kwanza amefaulu, aliyekosa ameshindwa. Lakini mtu hufanya kazi kwa miaka 35 au 40. Mwaka 2017 mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wazima wa nchi 11. Waliona kwamba wenye mafunzo ya kazi maalumu hupata ajira mapema kuliko wenye elimu ya jumla, ila kadiri umri unavyosonga faida hiyo hupungua, hata ikageuka, kwa kuwa kazi hubadilika na aliyejifunza jambo moja tu huona vigumu kuhama. Nchi hizo si Kenya, na sitaki kuyabandika matokeo yao juu yetu kama kiraka. Hata hivyo, wazee wa reli wa Makindu wangeyaelewa bila kutafsiriwa.

Najua kuna mwalimu mwenzangu ambaye tayari ameghadhabika. Anasema: "Wewe unaleta anasa. Mtoto wa maskini hana nafasi ya kusoma kwa ajili ya uwezo wa jumla. Anataka mkate leo." Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Kwa mtoto asiye na mjomba Nairobi, kozi ya miaka 2 katika chuo cha ufundi inayompa kibali cha kutandaza nyaya za umeme inaweza kuwa bora kuliko shahada ya miaka 4 yenye deni la mkopo. Mimi mwenyewe nimewashauri wengi waende huko, na sijuti. Lakini fundi umeme huyo atahitaji kuandika makadirio ya bei, kusoma maelekezo ya mtambo mpya wa sola, na kujua mkataba unasema nini kabla ya kutia sahihi. Tukimnyima hayo kwa kuwa "si ya mkondo wake", tumempa mkate wa leo na kumnyang'anya wa kesho. Maskini ndiye anayehitaji zaidi ujuzi unaoweza kuhama, kwa sababu hana akiba ya kumngojea hadi soko limrudie.

Tazameni maembe, ambayo ni mali ya Makueni. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuyauza Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021, baada ya juhudi ndefu za kumdhibiti nzi huyo, zikiwemo zile zilizofanywa katika kaunti yetu. Je, lilikuwa somo gani lililofungua mlango huo? Ilihitajika elimu ya wadudu ili kumjua nzi na kutega mitego. Zilihitajika hesabu ili kuandika idadi yao wiki baada ya wiki. Ilihitajika sheria ya biashara ili kuelewa masharti ya mnunuzi. Na alihitajika mtu wa kumweleza mkulima, kwa lugha anayoielewa, kwa nini azike maembe yaliyooza badala ya kuyaacha chini ya mti. Ukimtoa mmoja wa hao, mlango haufunguki. Kazi za kweli hazijui mipaka ya mikondo yetu.

Baada ya kusema hayo, haitakuwa haki kumaliza bila kupendekeza la kufanya.

Kwanza, kila shule ianze kuweka daftari la waliohitimu. Ni aibu kwamba tunajua kila mtoto alipata alama gani, ila hatujui anafanya nini akiwa na miaka 30. Daftari la kawaida linatosha: alisoma masomo gani, alienda chuo gani, anafanya kazi gani miaka 5 na miaka 15 baadaye, na kama alichosomea ndicho anachokifanya. Shule 10 za Makindu zikifanya hivyo kwa uaminifu, tutawajibu wazazi kwa ushahidi wa kwetu wenyewe badala ya uvumi.

Pili, mwalimu anayemshauri mtoto amweleze bei yote ya mkondo, si tamati yake peke yake. Amwambie itachukua miaka mingapi, itagharimu kiasi gani, nani huajiri, na mtu afanye nini nafasi zikijaa. Asimwogopeshe, wala asimpambie.

Tatu, pasiwe na mtoto anayenyimwa sayansi kwa kuwa shule yake haina maabara. Shule jirani zinaweza kutumia maabara moja kwa zamu, na serikali ikitaka wanafunzi 60 katika 100 wasome sayansi, basi ilete vifaa na walimu kwa kiasi hichohicho. Kosa la mwaka 1985, la kuwatwika wazazi maskini gharama ya ahadi ya taifa, lisirudiwe.

Nne, mlango wa kuhama usifungwe. Aliyechagua mkondo akiwa na miaka 15 aruhusiwe kubadilika akiwa na 17, na mtu mzima aliyeachishwa kazi akiwa na miaka 40 apate mahali pa kujifunza upya bila kuonewa haya.

Nanyi wanafunzi, neno langu kwenu ni fupi. Mtu akikwambia kwamba somo fulani lina kazi, muulize: kazi ipi, ya nani, inalipwa na nani, na ikiondoka nitabaki na nini mkononi? Jawabu la swali hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha kama umepata somo au umepata jina la somo tu. Ukiona somo linakuachia uwezo hata kama mwajiri ameondoka, lishike, liwe la sayansi au la sanaa, na ulisome mpaka uliweze.

Walimu wenzangu, wazazi wataendelea kutuuliza swali lao, nasi hatuwezi kulikwepa. Tuwajibu ukweli: kwamba hatuna kazi za kugawa, na kwamba tulicho nacho ni kuwapa watoto wao ujuzi unaowatosha kusimama kazi moja inapokwisha na nyingine haijaanza. Hilo lina kazi kubwa kuliko kuahidi. Lakini ndilo tulilolipwa kulifanya.